Gari likivuta upande, paralelisimu ije mwisho

Hapa Goma dereva akisema gari lake linavuta kulia, anajibiwa kabla hajamaliza kueleza: nenda ukafanye paralelisimu, yaani kunyooshwa magurudumu kwa mashine ya vipimo. Anakwenda, analipa, anarudi na usukani ulionyooka vizuri, lakini akiulegeza kidogo kwenye barabara ya Sake gari linaanza tena kutafuta mtaro. Mashine haikudanganya. Aliyemtuma ndiye aliyeanzia mwisho.

Kazi inayofanywa mara nyingi kwa jina la paralelisimu ni moja tu: kurefusha au kufupisha vyuma vya diresheni (mfumo wa usukani) ili matairi mawili ya mbele yatazamane sawasawa. Kipimo hicho kikiharibika, matairi yanalika upesi, usukani unakaa kombo, na gari linaweza kutangatanga. Kulivuta gari upande mmoja mfululizo, hapana. Magurudumu ya mbele yamefungwa pamoja: chuma cha kulia kikiwa kirefu kupita kiasi, gari likianza kwenda magurudumu yanagawana kosa hilo nusu kwa nusu, usukani unageuka kidogo, na safari inaendelea mbele. Kwa hiyo usukani uliokaa kombo huku gari likienda sawa ni ugonjwa mmoja, na gari linalokimbilia upande huku umenyoosha usukani ni ugonjwa mwingine. Fundi anayechanganya hayo mawili anamlipisha mteja mara mbili.

Kabla ya kushika ufunguo wowote, muulize dereva linavuta lini. Jibu lake linapunguza kazi ya siku nzima. Likivuta wakati wote, hata mguu ukiwa haupo kwenye pedali yoyote, fikiria barabara, matairi, freni inayong'ang'ania, au mkono uliopinda (chuma cha chini kinachoshika gurudumu). Likivuta ukikanyaga freni tu, matairi yanaweza kungoja. Nenda kwenye freni na silambloki za mikono ya chini (mipira inayoishikilia mikono hiyo kwenye gari). Likivuta ukikanyaga mafuta na kugeukia upande wa pili ukiachia, tafuta kilicholegea: silambloki zilizochanika, boliti za fremu inayobeba injini, mpira wa injini uliokatika. Likianza safari vizuri kisha likavuta baada ya dakika 15 au 20, hiyo ni freni inayopata moto. Na likivuta kulia baada ya kona ya kulia, kushoto baada ya kona ya kushoto, kuna kitu kigumu kisichotaka kurudi katikati, nacho tutakifikia. Swali la mwisho ni lile watu wanalolisahau: lilianza baada ya nini? Baada ya kubadilisha tairi? Baada ya kuangukia shimo? Baada ya kutoka gereji? Jibu la swali hilo mara nyingi ndilo jina la ugonjwa.

Anza na barabara yenyewe. Lami hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili mvua iende mtaroni, kwa kawaida mteremko wa asilimia 2 hadi 3. Kongo tunaendesha upande wa kulia, basi kila gari lililo zima hapa lina haki ya kuelea kidogo kulia. Sasa ongeza jambo la mji wetu. Magari mengi ya Goma yametoka Japani na usukani wa kulia. Kule Japani barabara inainamia kushoto na dereva amekaa kulia, kwa hiyo uzito wake unapingana na mteremko. Hapa kwetu barabara inainamia kulia na dereva amekaa kulia, vyote viwili vinasukuma upande mmoja: upande wa waenda kwa miguu, wa mama anayebeba ndizi, wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) iliyosheheni makaa. Uzito wa mtu mmoja haufanyi mengi, lakini ukiongezwa juu ya tairi lenye hewa kidogo, unahisika mikononi. Ndiyo maana gari linalovuta kulia Goma lisiachwe hivyo hivyo eti "nimeshalizoea".

Kuthibitisha kwamba barabara ndiyo inayohusika, chukua chupa ya plastiki ya maji iliyojaa nusu, ilaze kwa upana wa barabara mahali unapofanyia jaribio, uone maji yamekaa wapi. Tafuta sehemu ambayo maji yanakaa sawa: uwanja mpana wa saruji au kipande cha lami pana asubuhi mapema kabla ya pikipiki kujaa. Kwenda na kurudi kwenye barabara ile ile hakusaidii, maana ukirudi unakuwa tena upande wako wa kulia na mteremko ni ule ule. Pita mwendo wa kilomita 40 hadi 60 kwa saa, vidole vikigusa usukani bila kuubana, mikono isiondoke. Gari likinyooka hapo, liache. Likivuta hapo, sasa kazi ianze.

Matairi yanapewa nafasi ya kwanza kwa sababu ndiyo ya bei nafuu kuyachunguza na ndiyo yenye hatia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Pima hewa yakiwa baridi, gari likiwa limelala au limesimama kwa muda wa saa 3 hivi, kwa kipimo chako mwenyewe. Usitegemee saa ya kompresa ya kando ya barabara. Imeanguka kwenye mawe mara ngapi, nani anajua. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa gari dogo ni kama bar 2.2 hadi 2.4. Tofauti ya bar 0.3 kati ya kushoto na kulia mbele inatosha kulipeleka gari upande wa tairi lenye hewa kidogo. Ukipima tairi likiwa moto utasoma zaidi ya ukweli, na ukilipunguza hapo, kesho asubuhi limepungukiwa.

Halafu pima ukubwa. Wengi wetu tunanunua matairi yaliyokwisha kutumika, moja moja, siku ile lingine limechanika. Namba ubavuni zinaweza kufanana, 195/65 R15 kulia na 195/65 R15 kushoto, na bado matairi hayalingani. Tairi jipya lina kina cha meno cha karibu milimita 8. Lililochakaa likibaki na 3, kipenyo kimepungua milimita 10, na mzunguko umepungua milimita 31. Kila duara moja, upande mmoja unatembea sentimita 3 pungufu. Gari linageukia upande wa tairi dogo, kama tu mtu mwenye hatua fupi mguu mmoja. Zungushia utepe wa fundi cherehani kila tairi la mbele, upite katikati ya meno, uandike. Ekseli moja ibebe matairi mawili ya aina moja, meno ya aina moja, kina kinacholingana. Ukiwa na mawili mazuri na mawili dhaifu, usichanganye zuri na dhaifu mbele.

Kuna tairi ambalo kwa macho halina shida, hewa iko sawa, kipimo kiko sawa, na bado linavuta, kwa sababu nyuzi zake za ndani zimekaa upande au zimechanika. Mawe yetu ya lava yanalisababisha hili sana. Ukingo wa jiwe la lava unakata kama chupa iliyovunjika, na tairi linalopita juu yake kwa pembe linaweza kukatika nyuzi ubavuni bila mpira wa nje kufunguka. Lipandishe gari kwa kriki (jeki), zungusha gurudumu polepole, weka jiwe au kalamu iliyosimama karibu na meno: mahali penye uvimbe patajionyesha panapokaribia kalamu kisha kuondoka. Pitisha kiganja ubavuni, ndani na nje. Upande wa ndani ndio unaosahauliwa.

Jaribio linalomaliza ubishi ni kubadilishana matairi mawili ya mbele, la kulia kushoto na la kushoto kulia, hewa ikiwa sawa. Rudi kwenye uwanja ule ule. Likianza kuvuta upande wa pili, mkosaji ni tairi. Hakuna haja ya kugusa kingine. Likiendelea kuvuta upande ule ule, matairi ya mbele yamesafishwa jina. Likinyooka kabisa, hapo bado kuna tairi lenye kasoro ndogo ambayo kubadilishana kumeifunika. Peleka la mbele nyuma uone. Matairi yenye mshale wa mwelekeo ubavuni hayabadilishwi hivyo, hayo utabadilisha ya mbele na ya nyuma ya upande mmoja. Nati zifungwe kwa nyota, gari likiwa chini, kwa nguvu ya karibu Nm 100 kwa gari dogo. Mtu anayeruka juu ya ufunguo kwa mguu ananyoosha boliti na kupindisha diski, na wiki ijayo utamlaumu mwingine kwa mtetemo.

Tukiwa hapo kwenye mtetemo: tope kavu au mchanga mweusi ukiganda ndani ya janti (rimu) unaleta mtikisiko, hauvuti gari. Osha ndani ya janti kabla hujahukumu chochote.

Sasa freni, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu upande gari linakoelekea si lazima uwe upande wenye ugonjwa. Shika hili: likivuta bila kukanyaga freni, gurudumu la upande linakovutia ndilo linalobanwa. Likivuta unapokanyaga freni, upande linakovutia unafanya kazi yake. Mgonjwa ni yule wa pili, asiyeshika. Gari linaloruka kushoto ukikanyaga freni lina etriye (kikamatio kinachobana diski) ya kulia iliyolala. Watu wanabadilisha plaketi (pedi za freni) za kushoto, wanasugua diski ya kushoto, gari linaendelea kuruka kushoto, kisha wanasema gari lina pepo.

Freni inayong'ang'ania inatafutwa kwa joto. Endesha kilomita 8 hadi 10 ukitumia freni kidogo iwezekanavyo, simama taratibu kwenye tambarare, kisha pitisha mkono karibu na kila janti bila kugusa diski. Magurudumu ya ekseli moja yanatakiwa kulingana. Moja likikuchoma usoni mwa kiganja na jingine likiwa vuguvugu, umepata. Harufu ya plaketi iliyoungua ni ushahidi mwingine, na vumbi jeusi lililojaa janti moja tu ni wa tatu.

Likiwa bado moto na bado limebana, usilifungue haraka; ukiliacha likapoa litaachia na utapoteza ushahidi. Pandisha gurudumu hilo, weka stendi, zungusha kwa mkono. Likiwa gumu, weka ufunguo namba 10 (au 8, kutegemea gari) kwenye skurubu ndogo ya kutolea hewa nyuma ya etriye, ifungue robo mzunguko, chupa na bomba la plastiki vikiwa tayari. Tazama na sikiliza. Mafuta yakitoka kwa mchomo mdogo na gurudumu papo hapo likaachia, maana yake chuma cha etriye hakina kosa; presha imefungiwa ndani na haikurudi. Mafuta yakidondoka tu na gurudumu likabaki gumu, presha haipo, kilichokwama ni chuma: pistoni yenye kutu au pini za etriye zilizokauka.

Ikiwa ni presha, funga skurubu, mtu akanyage freni tena, kisha safari hii legeza pale bomba la chuma linapokutana na bomba la mpira. Gurudumu likiachia hapo, kosa liko juu zaidi, kwenye pampu kuu ya freni. Lisipoachia hapo lakini likaachia kwenye skurubu ya etriye, ni bomba la mpira. Hilo bomba linastahili kuangaliwa kwa karibu. Nje linaweza kuwa jeusi, zuri, bila ufa. Likate kwa kisu baada ya kulitoa: ndani mpira umevimba mpaka tundu limebaki kama la sindano, au kipande kimechanika kikawa kama ulimi. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini pistoni haina nguvu ya kuyarudisha, basi plaketi inabaki imekumbatia diski. Linaweza pia kufanya kinyume, likachelewesha mafuta kufika, na gari likavuta upande wa pili unapokanyaga. Ndiyo sababu mabomba ya mpira hubadilishwa mawili kwa pamoja, kushoto na kulia.

Pini za etriye ndizo zinazokufa zaidi kwetu, kwa vumbi na mchanga wa volkeno. Kimpira cha kuzifunika kikichanika, mchanga unaingia na grisi inageuka kuwa msasa. Kila pini itoke na kurudi kwa kusukumwa na vidole tu. Isipotoka hivyo, itoe, isugue kwa msasa laini wa maji, safisha tundu lake, paka grisi ya silikoni ya freni. Grisi ya kawaida ya beringi haifai hapo, inavimbisha vimpira na ndani ya miezi michache pini imekwama kuliko mwanzo. Vivyo hivyo kwenye chombo cha mafuta ya freni: DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, usiweke kamwe mafuta ya injini au ya diresheni, yatavimbisha kila mpira kutoka pampu kuu hadi gurudumu la mwisho.

Plaketi zilizobaki chini ya milimita 3 zibadilishwe, na zibadilishwe magurudumu yote mawili ya ekseli, hata kama moja bado nene. Plaketi moja ya ndani ikilika upesi kuliko ya nje kwenye gurudumu lile lile, pini zimekwama. Ukikuta plaketi inang'aa kwa mafuta, tafuta chanzo kabla ya kuweka mpya: kimpira cha kardani (mhimili unaozungusha gurudumu) kilichochanika kinarusha grisi, silinda ya tamburi (freni ya ngoma) ya nyuma inavuja, sili ya ekseli imekwisha. Plaketi iliyokunywa mafuta haisafishiki kwa petroli, itupwe. Na pedali ikishuka ghafla huku gari likivuta, usiendelee na safari hata ya kufika nyumbani. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana freni za msalaba, gurudumu moja la mbele na la nyuma la upande wa pili kwenye njia moja. Njia moja ikikatika, umebaki na freni ya mbele upande mmoja tu.

Kama matairi na freni vimetoka safi, ingia chini. Njia ya kutoka Goma kwenda Sake au Rutshuru, na hata mitaa ya ndani ya Ndosho na Majengo ambako msingi wa barabara ni lava yenyewe, inapiga mikono ya chini kila siku. Gari likiwa juu ya stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, ni rotili ya chini (kiungo cha mviringo kati ya mkono na gurudumu) au beringi. Mtu akanyage freni ukilitikisa tena. Mchezo ukitoweka ni beringi, ukibaki ni rotili. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni rotili ya diresheni, ile ambayo maduka yanayoleta vipuri kutoka Kampala huiita tairodi. Angalia kimpira cha kila rotili. Kikichanika, mchanga umeshaingia, na kupaka grisi juu ni kujidanganya.

Silambloki hazionekani ubovu wake gari likiwa limesimama. Gari liwe chini, freni ya mkono imefunguliwa, dereva alisogeze nusu mita mbele na kukanyaga freni, nusu mita nyuma na kukanyaga, wewe ukiwa pembeni, mbali na njia ya magurudumu, na tochi imeelekezwa nyuma ya gurudumu la mbele. Mkono wa chini ukirudi nyuma kwa sentimita nzima kila anapokanyaga, silambloki ya nyuma ya mkono huo imechanika. Hii ndiyo inayoleta mvuto wa freni ambao plaketi mpya haziutibu. Ukibadilisha silambloki, boliti zake zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake, si likining'inia. Ukikaza mkono ukiwa unaning'inia, mpira unajisokota gari linaposhuka, unabaki umevutwa siku zote, upande huo unakaa juu kidogo, na miezi sita baadaye umechanika. Nimeona silambloki nyingi za asili zikifa kwa kosa hili kuliko kwa ubaya wa barabara.

Baada ya hapo toa mita ya chuma. Nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kulia kisha kushoto. Tofauti ya milimita 2 au 3 si neno. Ikifika 10, kuna kilichopinda au fremu iliyohama. Hesabu yake ni hii: rotili ya chini ikirudi nyuma milimita 10, na urefu wa kutoka rotili hadi juu ya amotiseri (shokapu) ni kama milimita 650, pembe ya kuegemea nyuma, yaani jinsi mstari huo unavyolalia nyuma ukienda juu, imepungua karibu digrii 0.9. Magari mengi yanaanza kuvuta tofauti kati ya kushoto na kulia ikizidi digrii 0.5, na yanavuta upande wenye pembe ndogo, yaani upande ambao gurudumu lilisukumwa nyuma. Jiwe moja lililopigwa kwa kilomita 30 kwa saa linatosha.

Kulala kwa gurudumu nje au ndani kunaweza kupimwa kwa timazi ya mwashi. Sawazisha hewa, gari liwe kwenye tambarare, ning'iniza uzi kutoka ukingo wa juu wa janti, pima umbali wa uzi hadi ukingo wa chini. Janti ya inchi 15 ina karibu milimita 400 kutoka ukingo hadi ukingo, na kila milimita 7 ni digrii moja. Usijali sana namba yenyewe. Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 4 tayari ni zaidi ya nusu digrii, na gari litakwenda upande ambao juu ya gurudumu pamelala nje zaidi. Kama huamini sakafu yako, geuza gari kichwa huku na kule, upime tena mahali pale pale.

Pima pia urefu wa gari kila kona, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Tofauti ya milimita 15 kati ya kushoto na kulia mbele inaonyesha springi iliyochoka au iliyokatika duara la chini, pale inapokaa kwenye sahani na tope. Kwa Hilux na Hiace za zamani zenye vyuma vya kujisokota mbele badala ya springi, urefu hurekebishwa kwa boliti, na mara nyingi mtu alipandisha upande mmoja ili kuficha uchovu. Kwa Land Cruiser yenye ekseli nzima na springi za vyuma bapa vilivyopangwa, tazama boliti ya katikati inayoshika springi na ekseli. Ikikatika, ekseli inateleza nyuma upande mmoja, na gari linatembea kimshazari kama mbwa. Ukilifuata kwa nyuma utaona ubavu wake.

Sasa lile gari linalokumbuka kona. Gari likiwa limesimama, injini inafanya kazi, mtu ageuze usukani taratibu kulia na kushoto; weka vidole kwenye springi ya mbele. Springi ikisubiri kisha ikaruka kwa mlio, beringi ya juu ya amotiseri imekufa. Ikiwa inazunguka laini, shuka kwenye rotili ya chini, maana rotili mpya ya bei rahisi inaweza kuwa ngumu mno tangu dukani. Na kuna diresheni yenyewe: pandisha magurudumu yote mawili ya mbele juu ya stendi, usukani katikati, washa injini, mikono mbali. Magurudumu yakijigeuza yenyewe, valvu ya diresheni ya mafuta haiko sawa, na hakuna kipimo cha magurudumu kitakachoirekebisha. Usijaribu kamwe kuzima injini barabarani ili "kuona kama itaacha". Utapoteza msaada wa usukani na wa freni kwa pamoja.

Hapo ndipo paralelisimu inapata maana. Hewa sawa, matairi yanayolingana, hakuna kinachocheza, tangi la mafuta liko nusu na mzigo umeshushwa. Mwombe fundi wa mashine aanze na magurudumu ya nyuma, kwa sababu nyuma ikielekea kulia hata kidogo, mbele italazimika kuifuata. Omba karatasi yenye namba za kabla na za baada, si maneno "iko sawa". Kwenye magari kama Corolla na Noah, kulala kwa gurudumu hakurekebishiki isipokuwa kwa boliti nyembamba maalumu kwenye amotiseri, na pembe ya kuegemea nyuma hairekebishiki kabisa. Namba hizo zikiwa nyekundu, tafuta chuma kilichopinda ukibadilishe. Prado na Hilux mpya zaidi zina boliti za ekisentriki kwenye mikono ya chini, na Goma boliti hizo huota kutu mpaka haziguswi. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla, nyumbani, ili usilipie muda wa kupigana nazo juu ya mashine.

Rudi kwenye tambarare ile ile uliyoipima kwa chupa ya maji, mwendo ule ule, dereva peke yake garini kama mwanzo. Kaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita 50, na pima hewa kesho asubuhi kabla ya jua kuwaka.